Maudhui na Uso Wake: Juu ya Mifumo ya Maudhui Isiyo na Kichwa

0. Utangulizi

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zilizoingia katika mazungumzo ya wanafunzi wetu, mojawapo husikika ngeni kuliko nyingine: mfumo wa kusimamia maudhui usio na kichwa. Anayeisikia kwa mara ya kwanza hudhani kuwa kitu kinachotajwa kina kasoro, maana kiwiliwili kisicho na kichwa ni maiti, na garimoshi lisilo na kichwa haliondoki stesheni. Lakini waliobuni jina hilo hawakufikiria ubongo, walifikiria uso. Mfumo wa namna hiyo una kumbukumbu, una kanuni, una wahariri na watunzaji wake. Kilichoondolewa ni ile sura ambayo msomaji huiona kwenye kioo cha simu au cha kompyuta. Kwa hiyo tafsiri iliyo karibu zaidi na ukweli ingekuwa mfumo usio na uso, nasi tutatumia majina yote mawili, kwani hilo la "kichwa" limekwisha kuzoeleka.

Makala haya hayakuandikwa kwa ajili ya wahandisi. Yanawakusudia walimu na wanafunzi wa Kiswahili ambao siku moja wataulizwa, au wamekwisha kuulizwa, namna kamusi, matini simulizi na tasnifu za idara yao zitakavyowekwa katika kompyuta. Mara nyingi swali hilo hupelekwa moja kwa moja kwa fundi, na fundi hulijibu kwa kuonyesha kurasa zenye rangi nzuri. Rai yetu ni kwamba sehemu kubwa ya jibu ni kazi ya mwanaisimu, na kwamba akiikwepa, sarufi ya lugha yake itaamuliwa na mtu ambaye hajawahi kuisoma.

1. Ukurasa na kiolezo chake

Tim Berners-Lee alipotoa pendekezo lake huko CERN, Geneva, mwaka 1989, na kurasa za kwanza zilipotokea baada ya hapo, kila ukurasa wa intaneti ulikuwa faili moja iliyoandikwa kwa mkono. Aliyetaka kusahihisha neno alilifungua faili, akalisahihisha, akalirudisha. Njia hiyo yafaa kwa kurasa kumi; kwa kurasa elfu moja ni adhabu. Ndipo ilipozuka mifumo ya kusimamia maudhui. Drupal, iliyoanzishwa na Mbelgiji Dries Buytaert, ilitolewa kwa umma mwaka 2001. WordPress ilifuata mwaka 2003. Katika mifumo hiyo mwandishi hujaza fomu, maneno yake huhifadhiwa katika hifadhidata, na msomaji akiuliza ukurasa, programu huyachukua maneno, huyamimina katika kiolezo kilichoandaliwa, kisha humpelekea ukurasa uliokamilika.

Faida yake ilikuwa kubwa, wala hatupendi kuidharau. Hata hivyo maneno na kiolezo vilikaa katika nyumba moja, na kwa kukaa pamoja vilizoeana mno. Mwandishi alijifunza kuandika kwa kutazama sura: akaweka neno katika wino mzito kwa sababu ni kidahizo, akalilaza jingine kwa sababu ni Kifaransa, akaacha mistari miwili mitupu kwa sababu mfano umekwisha. Jicho la msomaji liliyaelewa hayo yote. Kompyuta haikuelewa lolote. Siku ilipotakiwa kamusi ileile itolewe pia kama programu ya simu, au kama kitabu, au kama orodha ya kuchunguza ngeli, ilibidi mtu akae na kukisia upya kila wino mzito ulikuwa na maana gani.

Wazo la kutenganisha maneno na sura yake si la jana. Kiwango cha SGML kilipitishwa kimataifa mwaka 1986. Mradi wa TEI, ulioanza mwaka 1987, uliwafundisha wanafilolojia kutia alama ya "beti", "msemaji" au "neno la kigeni" badala ya alama ya "herufi za mlalo". Lugha ya CSS, ambayo Håkon Wium Lie aliipendekeza mwaka 1994 na ambayo ilifanywa kiwango mwezi Desemba 1996, iliondoa rangi na upana kutoka ndani ya ukurasa ikaviweka kando. Mfumo usio na kichwa ni hatua nyingine katika njia hiyohiyo: hauishii kutenganisha rangi, bali hutenganisha nyumba.

2. Nyumba mbili na lango moja

Katika mpangilio huu nyumba ya kwanza ina hifadhi ya maudhui, fomu za kuyaingizia, na orodha ya nani anaruhusiwa kuandika, kusahihisha na kutangaza. Haina kiolezo hata kimoja cha kumwonyesha msomaji. Badala yake ina lango. Kupitia lango hilo programu nyingine huomba maudhui kwa kanuni zilizokubaliwa, na hujibiwa kwa data tupu, ambayo siku hizi huandikwa mara nyingi katika muundo uitwao JSON. Kidahizo kimoja cha kamusi chaweza kutoka langoni hivi:

{ "kidahizo": "bukari",
"lugha": "swc",
"kiambishi": "bu-",
"mahali": ["Lubumbashi"],
"fr": "pâte de farine",
"linganisha": ["bugali", "ugali"] }

Msomaji ataona kuwa hakuna wino mzito, hakuna rangi, hakuna upana wa safu. Kuna jina la kila sehemu na thamani yake, basi.

Mifumo mingine ilizaliwa ikiwa hivyo tangu mwanzo: Contentful ya Berlin huuza huduma hiyo, na Strapi, iliyoanzia Ufaransa, hutoa programu ambayo mtu aweza kuiweka kwenye mashine yake mwenyewe. Mingine ilikuwa na kichwa, ikaongezewa lango. Drupal ilipata lango lake katika toleo la 8, Novemba 2015. WordPress katika toleo la 4.7, Desemba 2016. Tangu wakati huo anayetumia WordPress aweza kuomba makala zake kwa anwani inayoishia na /wp-json/wp/v2/posts, akapewa data badala ya ukurasa. Kuna pia namna nyingine ya kuuliza langoni, iitwayo GraphQL, ambayo kampuni ya Facebook iliitoa hadharani mwaka 2015. Kwa GraphQL muulizaji hutaja sehemu anazozihitaji tu, naye hapewi zaidi ya hizo. Anayetaka vidahizo na viambishi peke yake hatapakiwa mzigo wa mifano na picha. Mahali ambapo kila megabaiti hununuliwa, tofauti hiyo huonekana mfukoni.

Nyumba ya pili ni uso. Ni programu iliyojengwa kando, pengine na watu wengine, pengine katika mji mwingine. Nayo hujua jambo moja tu kuhusu nyumba ya kwanza, yaani mahali lilipo lango na kanuni zake. Uso waweza kuukusanya ukurasa kwa njia tatu. Ama data hupelekwa mpaka kwenye kivinjari cha msomaji, na kivinjari ndicho kinachoujenga ukurasa. Ama seva huujenga kila mara unapoombwa. Ama kurasa zote hujengwa mapema, mara moja, kila maudhui yanapobadilika, kisha huwekwa kama mafaili ya kawaida yanayongoja kusomwa.

Njia ya kwanza huelemea simu dhaifu, kwa kuwa simu hupakua kwanza programu ya kujengea kabla ya kupata neno moja la kusoma. Ya pili hutaka seva isiyolala. Kwa vyuo vyetu, ambako umeme hukatwa na mtandao husinzia, twaipendelea njia ya tatu bila kusita. Programu kama Hugo, iliyotolewa mwaka 2013, huweza kujenga maelfu ya kurasa kwa muda mfupi. Kurasa hizo, zikiandaliwa kwa kusudi hilo, hazihitaji hifadhidata ili zisomwe. Zaweza kuwekwa kwenye kompyuta ya maktaba, kunakiliwa kwenye flashi, kupelekwa kwa basi kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi, na kufunguliwa huko pasipo mtandao wowote. Mtu asicheke hilo la basi. Maudhui yaliyotenganishwa na uso wake husafiri kwa chombo chochote.

3. Sehemu za fomu ni nadharia ya lugha

Hapa ndipo tunapotaka kukaa zaidi, kwa sababu vitabu vya kiufundi hupita hapa mbio.

Kabla ya kuingiza neno la kwanza katika mfumo usio na uso, lazima mtu aamue maudhui yana sehemu zipi, kila sehemu yapokea nini, na ipi ni ya lazima. Wahandisi huuita uamuzi huo kielelezo cha maudhui, nao huufanya katika mkutano wa asubuhi moja. Kwa mwanaisimu uamuzi huo ni dai kuhusu muundo wa lugha. Katika mfumo wa zamani dai lililokosewa liliweza kufichwa: mhariri aliandika maelezo yake popote kwenye ukurasa, na msomaji akaelewa. Katika mfumo usio na uso kisicho na sehemu yake hakina pa kukaa.

Tuchukue ngeli. Sarufi za shule za Tanzania na Kenya huzitaja ngeli kwa upatanisho wake: A-WA, KI-VI, LI-YA, U-ZI na kadhalika. Fundi aliyepewa kamusi ya Kiswahili sanifu kama mfano ataweka sehemu moja, "ngeli", yenye orodha ya kuchagua, na orodha hiyo itakuwa ni hiyohiyo. Sasa mkusanyaji aliye Lubumbashi aingize neno bukari, au bulongo, ambalo pwani ni udongo. Kiambishi bu- hakimo katika orodha. Atachagua kilicho karibu, yaani U-, na tangu saa hiyo mtafiti atakayeuliza langoni apewe nomino zote zenye bu- atajibiwa kuwa hakuna hata moja. Sauti iliyosikika kwa miaka mingi sokoni na migodini imefutika, wala hakuna aliyekusudia kuifuta.

Jambo halikomei hapo. Katika Kiswahili cha Lubumbashi kitenzi hakifuati daima kiambishi cha nomino yake; upatanisho umepunguka, hasa kwa vitu visivyo na uhai. Kuitambulisha ngeli kwa upatanisho ni njia nzuri mahali ambapo upatanisho umetimia. Mahali ulipolegea, mambo mawili yaliyoshikamana katika kitabu yanapaswa kuachanishwa: sehemu moja ya "kiambishi cha nomino", na nyingine ya "upatanisho", inayokubali zaidi ya jibu moja. Vivyo hivyo kiambishi cha udogo ka-, ambacho wingi wake ni tu-, kama katika katoto na tutoto: Kiswahili sanifu kimekiacha na kutumia ki-, lakini wasemaji wa kwetu hawakukiacha. Orodha iliyofungwa na mtu wa mbali itamlazimisha mkusanyaji kusema uongo kwa adabu.

Pili ni jina la lugha yenyewe. Kila sehemu ya maudhui hubeba alama ya lugha, ili uso ujue kuchagua kanuni za kupangia na mashine ya kusomea kwa sauti ijue kutamka. Kiwango cha ISO 639-3 kinakitambua Kiswahili, kwa alama swa, kama lugha kuu yenye lugha mbili ndani yake: swh, Kiswahili cha pwani, na swc, Kiswahili cha Kongo. Lakini mtu aweza pia kuandika sw-CD, maana yake Kiswahili kilekile kama kinavyotumiwa katika nchi ya Kongo. Alama hizo hazisemi jambo moja. Ya kwanza yasema tuna lugha yetu. Ya pili yasema tuna desturi zetu ndani ya lugha moja. Mjadala huo wa miaka mingi katika semina zetu hupata, ndani ya fomu ya kompyuta, jibu la herufi chache. Sisi twaona kwamba matini ya kitaaluma kama haya yastahili sw-CD, na matini yaliyonukuliwa kwa wasemaji yastahili swc. Na kwamba mfumo unaoruhusu alama moja tu kwa mradi mzima haufai.

Tatu ni uhusiano baina ya maneno. Bukari, bugali na ugali ni vidahizo vitatu au ni kimoja chenye sura tatu? Katika kitabu mtungaji huandika "tazama" na kuendelea. Katika mfumo tunaoueleza, kidahizo hurejelea kingine kwa namba yake ya utambulisho, wala si kwa tahajia yake. Ndiyo sababu tahajia ikibadilishwa mahali pamoja, nyuso zote zitabadilika bila rejeo hata moja kukatika. Lakini kinachorejelewa lazima kiwepo chenyewe. Anayeihesabu bugali kuwa kivuli tu cha ugali hataweza baadaye kuipa mahali pake, mifano yake na sauti yake.

Mfano ulio mpana zaidi ya kamusi ni ule wa maandishi ya André Yav, aliyeandika mwaka 1965, kwa Kiswahili, historia ya mji wa Elisabethville kama ilivyoonwa na watumishi wa nyumbani. Maandishi hayo hayakufuata tahajia yoyote ya shule. Hata mipaka ya maneno imo mahali ambapo msomaji hakuitarajia. Johannes Fabian, alipoyachapisha mwaka 1990 akisaidiwa na Kalundi Mango, hakuridhika kuyasahihisha. Alitoa maandishi kama yalivyopigwa chapa. Akatoa pia matini yaliyonukuliwa upya baada ya maandishi kusomwa kwa sauti. Akaweka tafsiri ya Kiingereza, na maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho. Baadaye matini hayo yaliwekwa pia katika mkusanyiko wa intaneti uitwao Archives of Popular Swahili.

Kitabu hicho, kwa maoni yetu, kilikuwa mfumo usio na kichwa uliolazimishwa kuvaa kichwa kimoja. Kila aya ina uso wa picha, uso wa herufi, uso wa sauti, uso wa tafsiri. Katika hifadhi iliyopangwa vema aya ingekuwa kipande kimoja chenye namba, na hayo yote yangekuwa sehemu zake. Uso mmoja ungemwonyesha mwanafunzi maandishi na unukuzi ubavu kwa ubavu. Mwingine ungempa mzee wa Kenya au Katuba hadithi peke yake, kwa herufi kubwa, kwenye simu ya mjukuu wake. Wa tatu ungetoa kijitabu cha kuchapwa. Wa nne ungempa mtafiti maneno ya Kifaransa yaliyomo na mahali yalipo. Hakuna hata mmoja ambao ungegusa matini.

Hayo ya Kifaransa yataka angalizo. Mifumo mingi isiyo na uso bado humpa mwandishi kisanduku kikubwa chenye vitufe vya wino mzito na herufi za mlalo, kisha huyahifadhi hayo yote kama HTML. Mwandishi akilaza neno la Kifaransa kwa kitufe hicho, uso umerudi kwa mlango wa nyuma. Inafaa kuwe na alama yenye maana, "neno hili ni Kifaransa", na uso uachiwe kuamua iwapo utalilaza, utalipaka rangi au utaliacha kama lilivyo. Mfumo usioruhusu kubuni alama za namna hiyo, hata ujisifuje, umekatwa nywele tu.

4. Gharama zake

Mwandishi hupoteza kioo. Alizoea kubonyeza na kuuona ukurasa kama msomaji atakavyouona. Sasa hifadhi haiujui uso, kwa hiyo haiwezi kumwonyesha. Kuna njia za kujenga kioo hicho, lakini hujengwa, hakiji chenyewe. Mambo mengine yaliyokuja bure katika mfumo wa zamani, kama vile utafutaji na fomu za maoni, nayo hujengwa upya. Kwa kurasa zilizojengwa mapema, utafutaji huhitaji faharasa itayarishwe na ipakuliwe pamoja nazo.

Nyumba mbili zataka mafundi wa aina mbili. Aliyejenga uso akihamia Kinshasa au ng'ambo, anayemrithi hana budi kuijua lugha ya programu aliyoichagua mwenzake, na mitindo ya upande huo hubadilika upesi kuliko mitaala yetu. Huduma za kukodi hutoza kwa kadiri ya maombi yanayopita langoni au idadi ya wahariri, nazo hulipwa kwa kadi ya benki kwa fedha za kigeni. Mradi wa miaka mitatu ukifika kikomo, malipo hukoma, na lango hufungwa.

Kuhusu usalama, mara nyingi husemwa kuwa mfumo wa namna hii ni salama zaidi, kwa kuwa hifadhi hufichwa na watu huona mafaili tu. Ni kweli ikiwa imefichwa. Lakini lango lenyewe ni tundu. Lango la WordPress lilikuwa halijatimiza miezi miwili lilipogunduliwa kuwa na dosari iliyomruhusu mtu asiye na ruhusa kubadilisha maneno ya makala. Ilirekebishwa katika toleo la 4.7.2 mwishoni mwa Januari 2017, na mwezi uliofuata kurasa nyingi za wale waliochelewa kubadilisha toleo zilichafuliwa.

Kwa hiyo hatumshauri kila mtu. Idara yenye ukurasa mmoja wa matangazo na ratiba ibaki na mfumo wenye kichwa chake. Hasara ya kuutenganisha ni kubwa kuliko faida. Kamusi, mkusanyiko wa masimulizi na hifadhi ya tasnifu ni jambo jingine, kwa kuwa vitu hivyo vitaishi kuliko sura yoyote tutakayovivisha leo, na vitahitajika katika sura ambazo bado hazijabuniwa.

Anayekwenda kuchagua mfumo aanze na jaribio lisilogharimu kitu. Aingize vidahizo ishirini, vile vigumu, wala si mtu na kitabu: chenye bu-, chenye tu-, chenye tahajia mbili, chenye neno la Kifaransa ndani ya mfano. Kisha autake mfumo umrudishie vyote kama mafaili ya kawaida yaliyoandikwa kwa UTF-8, avipeleke kwenye mashine isiyounganishwa na mtandao, na amkabidhi mwenzake ambaye hakuwapo. Mwenzake akiweza kusema kila sehemu ni nini bila kuuliza, mazungumzo kuhusu rangi za ukurasa yaweza kuanza.